Kamera ya Baba Elieshi

Siku zile za korona huku ughaibuni, treni kutoka kitongoji cha Toongabbie ilikuwa na watu wachache, kila mmoja na barakoa yake. Mbele yangu walikaa majirani wawili, Mtanzania Baba Elieshi na Mkongo Mama Gloire. Kwa kuwa tuliambiwa tuachiane nafasi, waliongea kwa kupaza sauti. Sikudukiza, maneno yalinifuata kitini.

"Papa Elieshi, kamera yako inaangalia kwangu."

"Inasoma namba za magari tu, dada. Nilipoifunga juu ya paa ilileta picha za mabati matupu, nikaishusha kwenye nguzo ya geti. Aliyeligonga gari langu akakimbia, akipita tena namnasa."

"Na Jumamosi? Mama yangu amekufa Bukavu na mimi siwezi kusafiri. Batu ba kanisa watakuja tulie pamoja, na sheria inasema wageni watano tu."

"Pole sana. Lakini picha ni zangu, simwonyeshi mtu."

"Polisi wakizitaka je?"

Hapo Baba Elieshi alipata kazi ya kurekebisha barakoa ambayo haikuwa na tatizo.

"Izime siku moja tu," mama alimwomba.

"Siku nitakayozima ndiyo atakayopita."

Nilingoja ugomvi. Mama Gloire akasema taratibu, "Basi usizime. Wapitie njia ya nyuma ambako kamera haioni, wapaki uani kwako. Kwenu jirani akifiwa, hamtoi uwanja?"

Mtanzania gani atajibu hatutoi?

"Magari mangapi?" aliuliza.

Treni ikasimama Westmead. Mama akashuka kuwahi zamu kazini, na Baba Elieshi akabaki akipima ua kwa vidole juu ya goti.