Mizani Iliyobeba Redio

Dobi: Haloo? Shikamoo, mzee.

Mwokaji: Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?

Dobi: Sijam— nani huyu?

Mwokaji: [kicheko] Umeniamkia, umeniamkia! Siirudishi.

Dobi: Wifi! Unafanya nini na simu ya Mzee wa Tanuri?

Mwokaji: Yangu imetumbukia kwenye ndoo ya hamira.

Dobi: Ifunike tu vizuri. Kesho asubuhi utakuta simu mbili.

Mwokaji: Cheka. Nimekuweka spika, nimekuegemeza kwenye kopo la chumvi, mikono yote imejaa unga. Unanisikia?

Dobi: Nakusikia wewe na redio yako. Hao wanagombania nini?

Mwokaji: Si hicho kima cha chini cha mshahara. Tangu asubuhi. Huyu anasema kipande, yule anasema kikipanda tumekwisha, halafu wanaweka muziki.

Dobi: Punguza basi.

Mwokaji: Nitaipaka unga. Sikiliza, sitaki kummalizia mzee wa watu salio. Una nafasi ya kuninyooshea gauni? Lile la kijani, la mikono mirefu.

Dobi: Harusi ya nani?

Mwokaji: Si harusi. Nina kikao kesho.

Dobi: Saa ngapi?

Mwokaji: Saa tisa. Pale ukumbini, nyuma ya posta.

Dobi: Ukumbini, nyuma ya posta, saa tisa.

Mwokaji: Mbona unarudia kama karani?

Dobi: Wifi, hicho ni kikao cha kamati ya mishahara.

Mwokaji: Eeh. Umejuaje?

Dobi: Kwa sababu blauzi yangu nyeupe iko hapa mbele yangu, nimeshaipiga pasi mara mbili.

Mwokaji: Unakwenda kusikiliza?

Dobi: Nakwenda kusema. Wenzangu wa hapa hotelini, chumba chote cha kufulia, wamenichagua mimi.

Mwokaji: Wewe! Mungu wangu. [kicheko] Na mimi chama cha waokaji kimenichagua mimi!

Dobi: Useme mishahara isipande.

Mwokaji: Na wewe useme ipande.

Dobi: Na gauni lako nilinyooshe mimi.

Mwokaji: Sasa anyooshe nani? Mikunjo yake unaijua wewe. Usije tu ukaliunguza makusudi.

Dobi: Nitaliunguza mgongoni. Kamati haitaona.

Mwokaji: Kaka yako anajua kama unakwenda?

Dobi: Nilimwambia tangu Jumapili. Nikamwapisha asikwambie.

Mwokaji: Mimi nilimwambia Jumamosi! Nikamwapisha asikwambie wewe!

Dobi: Ndiyo maana—

Mwokaji: Ndiyo maana amezuka na safari. Kesho ana safari, eti ya ghafla. Nikamwuliza safari ya wapi, akasema bado anafikiria.

Dobi: [kicheko] Masikini kaka yangu. Mke huku, dada huku.

Mwokaji: Mwache asafiri. Haya, nisomee yako nisikie.

Dobi: Anza wewe, mkubwa.

Mwokaji: Karatasi siwezi kuishika, nitakwambia ya kichwani. "Ndugu wajumbe, nina wafanyakazi sita. Unga unapanda, kuni zinapanda, mkate nikiupandisha bei wateja wanahamia kwa jirani. Nyongeza hii ikipita, nitalazimika kumwachisha mmoja." Basi. Dakika tatu.

Dobi: Hiyo ni nusu dakika.

Mwokaji: Dakika mbili na nusu nitalia.

Dobi: Mmoja ndiyo nani?

Mwokaji: Mmoja tu. Ni namna ya kusema.

Dobi: Nani, wifi?

Mwokaji: [redio; vishindo vya mikono mezani] Kwenye karatasi sikuandika jina.

Dobi: Hapa si kwenye karatasi.

Mwokaji: Ngoja nitazame mlangoni... Bado yuko uani, anapasua kuni.

Dobi: Mzee?

Mwokaji: Sema polepole, uko kwenye spika.

Dobi: Unatumia salio la mzee kuniambia kwamba unamwachisha kazi mzee?

Mwokaji: Nitamwekea vocha!

Dobi: Wifi.

Mwokaji: Usiniwifi. Nimtoe nani? Mkandaji ana watoto watatu. Wale wawili wa kupeleka mkate madukani, wakikosekana siku moja mkate unalala. Mzee gunia halibebi tena. Wiki iliyopita ameunguza trei mbili, saa ya ukutani haioni. Nikimwambia alete miwani anasema unga utaikwaruza, anaiacha nyumbani ndani ya soksi.

Dobi: Ana miaka kumi na tisa kwenye tanuri hilo. Mwaka niliovunjika mguu alikuwa ananipeleka shule na toroli la unga.

Mwokaji: Najua. Ananisimulia kila Jumatatu. Anaonyesha na kona mlipoangukia.

Dobi: Ameshajua?

Mwokaji: Hajauliza. Tangu redio ianze haya mambo anakuja mapema zaidi. Leo nimemkuta amefagia mpaka nje barabarani. Nani amemtuma afagie barabara? Haya, na nyie? Meneja wenu anasemaje? Amekubali tu kirahisi?

Dobi: ...

Mwokaji: Haloo?

Dobi: Mtandao unakatakata.

Mwokaji: Mtandao mzima kabisa, nakusikia unapumua.

Dobi: Mwezi uliopita alikuja mtu kupima mlango. Wanaleta mashine ya kupiga pasi mashuka. Ikiingia, wanatoka watatu.

Mwokaji: Na wewe umo?

Dobi: Nimo. Na mimi ndiye niliyemshikia ncha ya pili ya futi.

Mwokaji: Pole, wifi. Na bado kesho unasimama useme ipande?

Dobi: Mshahara wangu unaishia tarehe kumi na nane. Kuanzia kumi na tisa nakula mikate yako. Mashine itakuja hata tukinyamaza. Mlango waliupima kabla redio haijaanza kubishana.

Mwokaji: Hilo uliseme.

Dobi: Hilo nitalisema. Kuna na jingine nililiandika, nilitaka kulisema, lakini sasa... Ngoja. Unakata madonge sasa hivi?

Mwokaji: Nakata. Kwani?

Dobi: Kwa mkono?

Mwokaji: Kwa mkono, kama mama yako alivyonifundisha. Sikuolewa tu katika familia yenu, nilirithishwa na mkono.

Dobi: Usinikasirikie.

Mwokaji: Ukianza hivyo huwa nakasirika kabla hujamaliza.

Dobi: Hoteli inachukua mikate ishirini kwako kila siku, si ndiyo? Kinapita kikapu hapa mlangoni kwetu, kimefunikwa kitambaa cheupe. Siku moja nikadhani ni foronya chafu, nikakipandisha kwenye mizani yetu ya nguo.

Mwokaji: Umepima mkate wangu na foronya?

Dobi: Bila foronya. Mkate umeandikwa nusu kilo. Ishirini ingekuwa kilo kumi. Mizani ikasema kumi na moja na zaidi.

Mwokaji: Na kikapu je?

Dobi: Kikapu nimekitoa. Na kitambaa nimekitoa. Nikasema labda ni siku hiyo tu. Nikapima kesho yake. Nikapima siku kumi na moja, wifi, zimo daftarini.

Mwokaji: Siku kumi na moja! Mshahara hawakulipi, lakini nafasi ya kumpima wifi yako unayo.

Dobi: Kila mkate unazidi gramu sitini. Siku nyingine hamsini, siku nyingine sabini, lakini ukizigawa ni sitini.

Mwokaji: Gramu sitini ni nini? Ni kipande cha kumpa kuku.

Dobi: Mara mikate mia tatu kwa siku. Ni kilo kumi na nane. Ni mikate thelathini na sita, wifi. Kila siku ya Mungu unaoka mikate thelathini na sita ambayo huuzi. Unaigawa ndani ya mingine.

Mwokaji: [redio inacheka]

Dobi: Upo?

Mwokaji: Watu wanakuja kwangu kwa sababu mkate wangu ni mzito.

Dobi: Wanakuja kwa sababu ni mtamu. Uzito umeandikwa kwenye karatasi, na ukiwapa ulioandikwa hujamwibia mtu.

Mwokaji: Mama alikuwa anakata hivihivi! Nilisimama kando yake miaka mitatu. Kwa mkono, haraka, donge limejaa. Hajawahi kugusa mizani.

Dobi: Wewe ulimkuta ameshaacha.

Mwokaji: Ameacha nini?

Dobi: Mizani. Alipima maisha yake yote, mimi nikiwa namsomea namba. Macho yalipoanza kufa hakutaka mtu ajue. Ndipo akaanza kukata kwa mkono. Akawa anazidisha kila donge, anaogopa asije akampunja mtu na haoni.

Mwokaji: Hakuniambia.

Dobi: Hakumwambia mtu. Angekwambiaje, na wewe unamsifia mkono?

Mwokaji: Miaka tisa nakata hivi. Miaka tisa nawaringia chama kizima. Mkono wa mama mkwe!

Dobi: Mkate wake ni uleule. Ni donge tu.

Mwokaji: Na hayo ulitaka kuyasema kesho? Mbele ya kamati, mimi nimekaa pale na gauni la kijani?

Dobi: Nisingetaja jina. Na sikujua kama utakuwepo.

Mwokaji: Wangenijua kwa uzito wa mkate.

Dobi: Ndiyo maana nakwambia wewe. Ile mizani yake bado ipo?

Mwokaji: Ipo.

Dobi: Wapi?

Mwokaji: Imebeba redio.

Dobi: [kicheko] Wifi!

Mwokaji: Ilikuwa kimo kizuri! Hapo ndipo inaposhika stesheni.

Dobi: Sasa nisikilize. Hiyo mikate thelathini na sita nimeipigia hesabu dhidi ya nyongeza inayosemwa. Inalipa nyongeza ya watu wanne. Sita haiwafikii. Nimepiga mara tatu, inakataa, ni wanne.

Mwokaji: Na mimi nimwamini dobi.

Dobi: Usiniamini. Kuna mkate uliopoa hapo?

[redio inanyamaza ghafla]

Dobi: Wifi? Mbona redio imezimika?

Mwokaji: Betri.

Dobi: Redio yako ni ya umeme.

Mwokaji: Nimeisogeza kidogo. Mtu hawezi kusogeza redio yake?

[chuma kinagonga meza]

Dobi: Inasemaje?

Mwokaji: ...

Dobi: Wifi, inasemaje?

Mwokaji: Mtandao wako unakatakata.

Dobi: Mtandao mzima kabisa. Nakusikia unapumua.

Mwokaji: Mizani yenyewe imezeeka. Imebebeshwa redio miaka tisa, hata mimi ningeharibika.

Dobi: Weka pakiti ya hamira. Ile ya nusu kilo, ambayo hujaifungua.

[pakiti inatua kwenye mizani]

Mwokaji: Nusu kilo.

Dobi: Basi haijazeeka.

Mwokaji: Ngoja nijaribu mkate mwingine. [mizani inagonga] Na mwingine. Ah, mama jamani.

Dobi: Unalia?

Mwokaji: Ni unga. [anapenga kamasi] Na hao wawili?

Dobi: Wawili gani?

Mwokaji: Nina sita, umesema wanne. Wawili waliobaki nitawatoa wapi?

Dobi: Sijui.

Mwokaji: Hujui? Umepima siku kumi na moja halafu hujui?

Dobi: Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Hao sijawaona kwenye mizani.

Mwokaji: Basi hilo ndilo nitakalowauliza kamati. Nitawaambia, mimi wanne nimewapata, nimewapata mwenyewe kwenye meza yangu. Wawili nisaidieni nyie, au nipeni mwaka mmoja niwatafute. Hiyo inajaza dakika tatu?

Dobi: Na kulia?

Mwokaji: Bila kulia.

Dobi: Inajaza. Nitapiga makofi.

Mwokaji: Usipige, watasema tumepanga. Na wewe? Utasema ya mikate?

Dobi: Mikate gani? Mimi nitasema ya mashuka. Na ya futi.

[mlio mfupi]

Mwokaji: Ni nini hicho?

Dobi: Salio la mzee hilo, linakwisha.

Mwokaji: Haya, haraka. Gauni nitalileta jioni, kola usiiwekee wanga, inanikata shingo—

Dobi: Lete na mkate.

Mwokaji: Mwepesi?

Dobi: Wangu uwe wa uzito wa zamani.

Mwokaji: Huna aibu wewe! Na kaka yako nimwambie nini?

Dobi: Mwache asafiri. Nauli ameshakopa—

Mwokaji: Kopo langu la akiba hilo! Ndiyo maana leo nimelikuta jepesi— subiri, huyo anaingia na kuni. Mzee! Weka chini, weka chini, pumzika. Hapana, hujaharibu kitu. Kesho uje na miwani yako. Eeh, miwani. Itoe kwenye soksi. Gunia sitaki ubebe tena, uwe unakaa kwenye kiti hiki hapa, mimi nakata, wewe unanisomea nam—

[simu inakatika]