Gotthilf Häfele na Tarehe Chini ya Behewa

Marehemu Gotthilf Häfele alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 kijijini Heiningen, mtoto wa nne wa Mzee Jakob, fundi wa mapaa ya bati, na Mama Rosine.

Alisoma miaka minane. Hesabu hazikumpenda, lakini mkono wake ulipenda bati. Mwaka 1952 akaanza kujifunza ufundi kwa baba yake mdogo, Christian.

Tarehe 5 Mei 1962 alimwoa Irmgard Bantle. Alifika kanisani na kidole kilichoungua, maana asubuhi ile ile alikuwa amechomelea ndoo ya jirani. Mungu aliwajalia Heike na Ulrich.

Mwaka 1981 alianguka kutoka juu ya paa, akavunjika nyonga. Tangu hapo alikaa dirishani jikoni, akitengeneza mabehewa ya zamani ya treni ndogo za watoto: milango, ndoano, ekseli, na hasa magurudumu, kwa kuwa zinki mbaya ya enzi zile hujipasua yenyewe ikiwa kabatini, haijaguswa na mtu. Kila kazi ilipokwisha aliligeuza behewa, akakwaruza chini yake kwa sindano G.H. na tarehe, asije mnunuzi akadanganywa kwamba kipya ni cha kale.

Oktoba 2016, Bi Lore Ruoff alimletea behewa la kijani, zawadi ya mwisho ya baba yake, ambaye alikwenda vitani asirudi. Marehemu alilipindua. Chini, ndani ya kutu ya miaka mingi, palikuwa pamekwaruzwa: G.H. 14.11.2019. Tisa yenyewe ilikuwa na mkia uliopinda, kama alivyozoea kuiandika yeye.

“Kuna mtu anakutania, mzee wangu,” alisema Irmgard.

“Nani? Kutu haina utani.”

Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kuchoka. Alikuwa ametengeneza magurudumu saba ya behewa lile. La nane hakuligusa. Kila Krismasi Bi Ruoff alipanga reli zake chini ya mti, behewa moja halipo, akipiga simu kuuliza kwa upole. Marehemu alijibu, “Bado kidogo, mama.”

Irmgard alimbana. “Gurudumu moja, Gotthilf! Unaliogopa?”

“Kazi isiyokwisha haina tarehe.”

“Na yule mama anayesubiri, ana miaka themanini na minane. Yeye hana tarehe?”

 Siku ya tatu marehemu aliyeyusha zinki.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa nne asubuhi, alimpelekea Bi Ruoff behewa mwenyewe. Treni ilizunguka meza mara tatu. Bi Ruoff alicheka kama msichana, akasema, “Limetimia.” Marehemu alirudi nyumbani, akaomba kahawa, akaketi dirishani. Irmgard alipoileta, alikuwa ameshatutoka. Sindano ilikuwa mahali pake, kavu, imefunikwa vumbi. Safari hii haikuhitajika.

Ameacha mjane, Irmgard, watoto wake, Heike na Ulrich, wajukuu watatu, dada yake, Frieda, na shemeji yake, Eugen, anayeyasoma haya. Bi Ruoff naye yupo hapa, mstari wa mbele, na behewa liko mapajani mwake. Anayetaka kulipindua atazame, ameruhusu.

Pumzika, Gotthilf. Kazi yako imekwisha, na ni nzima. Amani ya Bwana ikulaze.