Mama Aliyenizaa Akiwa na Miaka Tisa

Ndugu zangu wanachama wa kikundi chetu cha kusaidiana, jambo hili nimelikana hata mbele ya mume wangu: fomu ile ya matibabu ya mama niliijaza uongo mimi, kwa mkono wangu huu uliosoma chuo kikuu.

Mnakumbuka mama alivyoanza kupapasa kuta. Mtoto wa jicho. Hospitali ya serikali ni bure, lakini mie, msomi wa Temeke, niliona haya mama yangu akae benchi na kila mtu. Zahanati moja ya binafsi mjini ilikuwa na kadi: unachangia kila mwezi, ukiugua unatibiwa bila foleni. Sharti, usizidi miaka sitini.

Mama ni wa wakati wa vita vya Majimaji, na mwanzoni mwa miaka ile ya sabini alishapita sitini na tano. Nikaandika: hamsini. Msicheke! Mimi mwenyewe nilikuwa na arobaini na moja.

Miaka miwili wakapokea michango, hakuna aliyehesabu. Siku tulipompeleka mama atibiwe macho, ndipo karani akapata miwani.

"Bibi, ulizaliwa lini?"

"Mjukuu wangu, Majimaji mie nimekimbizwa porini, mgongoni kwa mama yangu." Kwa fahari kabisa.

Karani akaichana fomu. "Mzee huyu hatufai."

Hatufai! Ndugu zangu, mwongo nilikuwa mimi, nakiri. Lakini bima gani hiyo inayomtaka mtu akiwa mzima, akizeeka inamtema? Mwavuli wa kufunguliwa kiangazi tu!

"Twende benchi," mama akasema. "Nimechoka kuwa kijana."

Hospitali ya serikali, nesi akapita kwenye benchi: "Shikamoo bibi. Wazee wanatangulia." Umri uleule niliouficha ndio uliomfikisha mbele. Shuka tulipeleka wenyewe, siwadanganyi tena. Lakini alipasuliwa. Namshukuru nesi yule, nanyi mliompelekea uji kwa zamu. Nawaambia, kabla hujamwandikisha mzazi popote, uliza kwanza: mnamwacha akifika umri gani?

Nami, kichwa kigumu, nilikuwa bado naulizia kadi ya zahanati nyingine kwa siri. Siku alipofunguliwa bandeji, simu ya ofisini kwangu ikalia. Mama, nesi kampigia.

"Nimeiona saa ukutani," akasema. "Kadi nyingine usinitafutie, nakujua. Na ile kadi ya zamani, nesi kanisomea umri wangu ulioandikwa. Hivi mwanangu, huko chuo kikuu walikufundisha kuhesabu, au kunipunguza?"