Sista Kiende, Mapazia na Shali za Manjano

Sista Winfred Kiende, muuguzi wetu, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuwahudumia akina mama na watoto wachanga kwa miaka thelathini na saba. Sherehe itafanyika katika uwanja wa kituo chetu cha afya, juani, kwa sababu mwenyewe amekataa hema.

Alianza kazi Gachoka akiwa msichana mwembamba. Picha ipo, ingawa anakana kwamba ni yeye. Baadaye alihamishiwa huku kwetu Mitunguu, ambako alikuta ndizi nyingi na watoto wengi waliofichwa gizani. Desturi yetu inajulikana. Mama akijifungua, mapazia hufungwa, mtoto hufunikwa hadi puani asipatwe na baridi wala macho ya watu, na kina mama wa kanisa huja na uji, ndizi na shali. Shali zilikuwa za manjano. Zilinunuliwa kabla haijajulikana kama ni mvulana au msichana, na Kathuri wa sokoni aliziuza kwa jumla, kwa hiyo kila mtoto wa eneo hili alianza maisha akiwa wa manjano kutoka utosini hadi miguuni.

Manjano ya shali huisha ukivua shali. Manjano ya ngozi na macho ni habari nyingine. Watoto wengi huyapata siku za kwanza na huisha yenyewe, lakini yakizidi na yasitibiwe huathiri ubongo, na mtoto anaweza kufa, au akaishi bila kusikia. Katika chumba cha giza, ndani ya shali ya rangi ileile, nani atayaona?

Hapo ndipo vita vya Sista na mapazia vilipoanza. Akiingia nyumba yenye mtoto mchanga, alifungua dirisha kwanza, akasalimu baadaye. Inasemekana aliwahi kufungua mapazia ya nyumba isiyo na mtoto, na wenyewe, wazee wa heshima, hawakuthubutu kuyafunga hadi alipoondoka. Mkuu wetu, Daktari Gitari, anafanya kazi katika ofisi isiyo na pazia hadi leo, na hatujamsikia akilalamika kwa sauti.

Somo lake halikubadilika. Mlete mtoto mlangoni mchana. Mvue shali. Bonyeza paji la uso kwa kidole, achia, utazame. Tazama weupe wa macho, fizi na nyayo. Akiwa wa manjano siku ileile aliyozaliwa, au manjano yakifika miguuni, au akilala tu na kukataa kunyonya, usingoje kesho, kimbilia hospitali. Mama mmoja aliuliza kama basi amwanike juani hadi yaishe. Sista alimjibu kwamba kinachoanikwa ni mahindi. Jua la mlangoni ni la kutazamia, ila taa ya kutibu iko hospitali.

Wengi wetu tunakumbuka siku ya mtoto wa Winrose. Kina mama wa kanisa walijaa sebuleni na maombi yalikuwa yameanza. Sista, aliyekuwa mgeni kama wageni wengine, alimtoa mtoto mikononi mwa nyanya yake kabla ya amina na kutoka naye nje. Nyanya alimfuata akisema, "Mtoto ako sawa, Sista. Hiyo ni rangi ya babake tu." Baba, Riungu, alikuwa amesimama palepale mlangoni, mweusi kama sufuria ya githeri ya shule. Sista alimtazama Riungu, akatazama nyayo za mtoto, akamwita Salesio, dereva wetu. Mtoto hakuwa amenyonya tangu asubuhi, na wageni wote walikuwa wakimsifu kwa utulivu wake. Alilazwa chini ya taa za buluu siku kadhaa, akapona. Anaitwa Mugendi, yuko gredi ya pili, na walimu wake wanasema utulivu ule haujarudi.

Baada ya hapo Sista alitaka shali ziwe nyeupe. Mwenyekiti wa kina mama, Bi. Lorna Kathambi, alieleza kwamba nyeupe hushika udongo mwekundu. Sista alisema udongo hufuliwa. Vikao vilifunguliwa kwa maombi, vikafungwa kwa maombi, na mwishowe nyeupe ikapita. Kathuri alibaki na mzigo mzima wa shali za manjano. Siku hizi anazitumia kufunikia ndizi ziive.

Katika jambo hili hakuna aliyeweza kubishana na Sista kwa muda mrefu. Kila somo alilimalizia na habari za Antony, kifungua mimba wake. Antony naye alifunikwa shali ya manjano katika chumba cha giza. Naye walisema ana rangi ya babake. Sista alikuwa tayari muuguzi, lakini alikuwa pia mzazi aliyechoka, akawaamini. Antony aliishi, ila hajawahi kusikia sauti ya mama yake. Sista aliyasema haya kwa sauti ileile anayotangazia ratiba ya chanjo, kisha akawaambia akina mama wavue shali. Sisi tuliomsikia kila wiki hatukuzoea. Bado inauma.

Antony sasa ni seremala huko Kinoru. Benchi refu lililo mlangoni pa wodi ya uzazi, linaloelekea mawio, ambapo akina mama huketi kuwatazama watoto wao, ni kazi ya mikono yake.

Sista Kiende, asante. Watoto wengi wa hapa wanaitikia wakiitwa kwa sababu yako. Mungu akupe afya, shamba lenye maji na wajukuu wasumbufu, nawe uyaache mapazia ya majirani.

Kwa watakaohudhuria, tuna ombi moja. Jina la Sista likitajwa, tusipige makofi. Tuinue mikono juu na kuitikisa, kama wanavyoshangilia wenzake Antony. Antony atakuwa ameketi mbele. Hema halipo, kwa hiyo ataona kila mkono.