Peres Obuya na Sufuria za Kambi ya Mbao

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi, Bi. Peres Obuya anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Hapa katika Ghala la Vitu vya Kale, orofa ya nne katikati ya jiji, tunamwita Mama Ivyne. Sote tulipoajiriwa tulimkuta, na baadhi yetu tulidhani tutastaafu tumwache.

Aliingia Julai 1994 kama mfagiaji. Wiki ya kwanza aliona mezani kikombe cha bati kilichojaa masizi, akakihurumia. Akatafuta majivu na waya wa kusugulia, akakisugua mpaka kikang'aa kama cha harusini. Kumbe masizi hayo ndiyo wataalamu waliyokuwa wakiyachunguza! Mkuu wa wakati huo, Mzee Ephantus, alikaa chini akashika kichwa, kisha badala ya kumfukuza akampa mswaki laini na kumfundisha kazi. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na Peres hakurudia. Alisomea cheti jioni, na kufikia 2009 alikuwa msimamizi wa chumba cha vyombo, ingawa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Ukali anao, tusidanganyane. Ukiviita vitu vyake vyuma kuukuu, atakunyima salamu siku mbili. Mimi nimewahi kunyimwa wiki nzima, na nilistahili.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Rafu zilikuwa zimejaa, nami kama karani wa kumbukumbu nikaambiwa nichague vitu vya kutupwa. Nilichagua masanduku ishirini na matatu yaliyochimbuliwa katika kambi ya zamani ya wapasua mbao huko milimani: mikebe iliyotoboka, vifungo vya kaptula, msumeno usio na meno, kiatu kimoja kilichoshonwa kwa waya, na sufuria nyingi mbovu. Kwenye fomu niliandika kwa mkono wangu kwamba havina thamani. Ilibaki saini ya Peres tu.

Akakataa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na wakubwa walikuwa wamedokeza kwamba wakaidi hawaongezwi. Nilimwonea huruma, nikamwendea.

"Mama Ivyne, sign tu hii kitu. Si ni sufuria tu?"

"Lenox, kwenu matanga ikiisha, mnajuaje hii sufuria ni ya nani?"

Akazigeuza tatu mbele yangu. Moja ilikuwa na vitone vitatu vilivyopigwa kwa msumari, nyingine msalaba, nyingine vitone viwili. Wataalamu walikuwa wameviandika kama makovu ya kutu. Peres, aliyeazima na kuazimwa vyombo vya matanga tangu usichana, alijua ni alama za wanawake, kila mmoja na yake, ili chombo kirudi kwa mwenyewe. Orodha za kambi zilitaja wanaume pekee, lakini sufuria zilisema kulikuwa na jikoni, majirani na watoto. Mkuu akampa mpaka mwisho wa mwezi athibitishe, la sivyo masanduku yatoke na yeye atoke nayo.

Alizichora alama zile kwenye karatasi, na kwa Jumapili tatu akazunguka makanisani kuuliza wazee waliokulia kambi za mbao. Huko Muthangari akampata Bi. Wahu, nyanya wa miaka sabini na minne aliyekuwa akiishi kwa bintiye. Alikuwa amezaliwa kambi ileile, na maisha yake yote watu walimwambia hakukuwa na familia kule.

Tulimleta siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Alipoona vitone vitatu alishika mdomo. Haikuwa sufuria yao. Ilikuwa ya jirani, Mama Mwelu. Waliiazima siku baba yake alipoangukiwa na mti, wakapikia waombolezaji, na kabla ya kuirudisha kambi ikafungwa, watu wakatawanyika, sufuria ikabaki kule. Mama yake alikufa akiitaja sufuria ya watu.

Bi. Wahu akatoa mkobani mfuko wa maharagwe, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Sasa, chakula hakiruhusiwi kabisa chumbani mle, huleta wadudu. Peres alifunga mlango, akashika sufuria mwenyewe, bibi akamimina. Kisha Peres akaipokea kwa mikono miwili kwa niaba ya Mama Mwelu, nao wakalia. Mimi pia nililia, mwandike hivyo. Jioni Peres aliyatoa maharagwe yale na kuyapeleka kwake, na kesho yake tukayala kwa chapati.

Masanduku yalibaki, mkataba ukasainiwa, na leo kibao cha maonyesho kinawataja wanawake wa kambi, Mama Mwelu akiwa wa kwanza. Funguo sasa zinakwenda kwa Kavata, aliyefundishwa na Peres mwenyewe.

Mama Ivyne, ungenipa saini yako siku ile, Bi. Wahu angezikwa na mzigo wa mama yake. Asante kwa kuninyima. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha.