Bata Wasio na Kadi

Pantoni lilikuwa halijaacha Kivukoni sawasawa, yule dada aliyekaa kando yangu akapiga kelele, "Wanakuja tena!" Kompyuta ilikuwa mapajani mwake, na kwenye kioo jeshi la bata lilikuwa limezingira ukumbi wa harusi.

Kaka mmoja mwenye furushi la mitumba ya soko la Mchikichini akainama kutazama. "Hilo gemu nalijua! Umefika misheni ya harusi? Mimi jana nimeiba ngoma za mfalme, leo nachunga mbuzi wanaoruka!"

"Hii imenishinda, kaka. Nimeweka walinzi getini wanakagua kadi za mwaliko. Lakini gemu halisubiri. Nikiwaza kidogo tu, bata wanabomoa ukuta!"

"Kadi? Kwetu Kilwa harusi haina kadi. Mimi niliwafungulia geti. Wakala pilau, wakashiba, wakawa jeshi langu."

"Bila kadi? Bila mchango?" Dada alisikika kama mweka hazina wa kamati ya harusi, na nahisi ndiye. "Na bwana harusi alikula nini?"

Kaka akalikumbatia furushi lake. "Ukoko."

"Basi hukushinda!"

"Nilipewa nyota tatu!"

"Ulipewa na bata, si na bwana harusi!"

Pantoni likagonga gati la Kigamboni. Kwenye kioo ukuta wa mwisho ukaanza kupasuka. Dada akafumba macho, akafungua geti. Bata wakamwagika ndani, abiria wakamwagika nje, nami nikawa nasukumwa huku nimegeuza shingo, nikichungulia kama bwana harusi amewekewa sahani.