Mkanda wa Harusi na Supu ya Mwani

Benchi letu la mtaa wa Chungmuro limeegemezwa kwenye mashine ya kahawa, mbele ya duka la kamera lililofungwa zamani, na mwenye akili timamu hupita upande wa pili wa kichochoro. Hapo huketi mabingwa watatu wa kusafisha picha jikoni mwao. Nami, mchonga mihuri wa mkabala, huwasikiliza kwa sababu ubao wa mlango wangu ni mwembamba. Daktari Tak hakupata kusomea udaktari wa kitu chochote. Mkurugenzi Pyo hajawahi kuongoza hata mkokoteni. Wa tatu, Bong Chil-seok, tunamwita Ukungu, kwa kuwa kila picha aliyoisafisha ilitoka kana kwamba imepigwa ndani ya birika linalochemka. Asubuhi hiyo Ukungu alikuwa ameushika mkanda mmoja wa filamu kwa viganja viwili. Bintiye alikuwa ameolewa majuzi, na ulipofika wakati wa maharusi kuwainamia wakwe, yeye alimtuma mpiga picha wa ukumbi akale, akapiga mwenyewe, kwa filamu iliyokwisha muda wake na kulala miaka mingi kwenye sakafu ya nyumba inayopashwa moto kwa chini. Picha za saa ile hazipo kwingine popote.

Daktari: Filamu ikilala kwenye joto picha zinaingiwa na ukungu, hilo hata paka anajua. Dawa ya kusafishia peke yake haiwezi. Ponda vidonge vya vitamini C, tia humo. Dawa inapata nguvu, picha inaruka yenyewe!

Mkurugenzi: Nguvu! Ukiipa dawa nguvu, si ukungu nao unanenepa? Shukuru Mungu hutibu watu, mtaa mzima tungekuwa makaburini.

Daktari: Haya, sema wewe, mkurugenzi wa benchi.

Mkurugenzi: Mwani. Huu mwani mkavu wa supu. Una iodini, na iodini ndiyo inayoukaba ukungu koo. Mimi nachemsha, nachuja, namimina kwenye dawa. Basi.

Ukungu: Na picha, kaka?

Mkurugenzi: Zinakuja.

Daktari: Zinakuja na vijiti vya kulia supu! Mkewe huyu aliikuta ile chupa kwenye friji ya kachumbari ya kimchi, nusura aipikie tambi. Na hizo picha zake za mlimani, mimi nilidhani ni samaki.

Mkurugenzi: Afadhali samaki. Nani alisafisha filamu kwa kahawa ya pakiti?

Daktari: Kahawa inasafisha picha, uliza popote duniani.

Mkurugenzi: Kahawa nyeusi, bwana! Wewe ulitia ile yenye maziwa na sukari! Mkanda ukatoka unanata, sisimizi wakaupangia foleni.

Daktari: Sukari inatuliza weupe. Ni mambo ya kitaalamu, huwezi kuyaelewa.

Ukungu: Jamani, mkanda ninao huu mmoja tu. Bibi yake bwana harusi anauliza kila asubuhi kama picha imefika. Siku ile aliinuka kwenye kiti chake cha magurudumu, akamrushia binti yangu kunazi za baraka ya uzazi kwenye sketi, kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye kamera nilikuwa mimi peke yangu.

Mtu mwenye haya angenyamaza hapo. Daktari hakuwa na ugonjwa huo.

Daktari: Basi tatizo ni maji. Panda mlimani ukateke ya chemchemi, kabla wapanda mlima hawajayachafua kwa midomo yao.

Mkurugenzi: Maji gani! Filamu hii ni mzee. Mzee akiishiwa nguvu anapewa nini? Jinsengi! Loweka mzizi mwekundu kwenye dawa.

Daktari: Uwe wa miaka sita. Wa minne haufiki kokote.

Mkurugenzi: Hapo sasa umesema!

Tangu benchi hilo liwekwe, hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote. Walichagua kuanzia hapo.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye kona, mkoba kifuani. Ukungu alimwona, akaruka, akainama hata kofia ikamdondoka. Alikuwa Bi Ha Geum-sil, mama wa bwana harusi. Na baina ya wazazi wa bibi harusi na wa bwana harusi, hata kikohozi huombewa radhi.

Bi Geum-sil: Samahani, mkwe, nimekujia bila taarifa. Mama mkwe wangu ndiye aliyenituma. Nimesikia habari za mwani, nimesikia na jinsengi. Mimi sijui lolote kuhusu picha. Ila, mkitumia dawa peke yake, bila kutia kitu, picha hutokaje?

Daktari akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akaitazama mashine ya kahawa.

Mkurugenzi: Bila kitu… yaani, bila kitu kabisa?

Bi Geum-sil: Kama pakiti inavyosema.

Daktari: Hilo, mama, ni swali pana.

Ukungu: Nani kati yenu ana chupa ya dawa ambayo haijatiwa kitu?

Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha mashine. Ikakohoa, ikamtemea maji ya moto yasiyo na kahawa, naye akayanywa yote.

Ukungu akautia mkanda mfukoni, akaiokota kofia.

Ukungu: Nakwenda kununua pakiti mpya ya dawa.

Mkurugenzi: Pitia kwangu basi, nikupe mwani kidogo tu, wa akiba!

Bi Geum-sil: Twende pamoja, mkwe. Nitaketi jikoni kwako mpaka picha zitoke. Na mikono yako, tafadhali, iwe mahali ninapoiona.